Kutahiniwa Uraia: Habari za Mtihani wa Marekani Tangu 1790

Katika masharti yote ambayo dola humwekea mgeni kabla ya kumkubali kuwa raia wake, hakuna linalowatia watu hofu kama mtihani. Na aghalabu hofu hiyo haitokani na ugumu wa maswali, kwa kuwa mengi yake mtoto wa shule angeweza kuyajibu, bali hutokana na kutojua utaulizwa nini, na nani, na kwa nia gani. Kwa hiyo mtu atakaye kuandika tarehe ya mtihani wa uraia wa Marekani, ambao ni miongoni mwa mikongwe ya namna yake duniani, na ambao leo unawafikia ndugu zetu wengi waliohamia huko kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi, atafanya vyema akishika swali hili moja na kulifuata toka mwanzo hata mwisho: katika kila zama, mwombaji aliweza kujua kwa kadiri gani lile litakalomkabili siku ya kuitwa?

Sheria ya kwanza ya kuwaandikisha wageni ilipitishwa na Bunge la Congress mwezi Machi 1790, jamhuri ile ingali changa, na ndani yake hamkuwa na mtihani wa aina yoyote. Mwombaji alitakiwa awe mtu huru tena mweupe, awe amekaa nchini miaka 2, awe na tabia njema, kisha ale yamini mahakamani kwamba ataitetea Katiba. Sheria ya 1795 ilirefusha ukaazi ukawa miaka 5, ikamtaka mgeni atangulize hati ya nia yake miaka 3 kabla ya kuapa, tena aukane utii wa kila mfalme na mtawala wa ugenini, na kama alikuwa na cheo cha kurithi, cha kilodi au cha kifalme, akivue na kukiacha mlangoni. Mwaka 1798, kwa hofu ya fitina za Wafaransa na za wahamiaji wa Ireland, muda ulisukumwa hata ukafika miaka 14. Na 1802 ukarudishwa kuwa miaka 5, nao ndio ulio kanuni hadi hivi leo, ingawa wako wanaopunguziwa, kama vile waliooa au kuolewa na raia.

Tabia njema ilithibitishwa kwa ushahidi wa watu. Mgeni aliingia mahakamani pamoja na waliomjua, nao wakaapa kwamba wamekaa naye na hawakuona kwake baya, hakimu akaridhika, karani akapiga muhuri, na shughuli ikaisha kabla ya adhuhuri. Wala mahakama yenyewe haikulazimu iwe kubwa, maana sheria ya 1802 ilitosheka na mahakama ya jimbo lolote yenye mamlaka ya kawaida, karani na muhuri, hata uraia wa taifa zima uliweza kutolewa na hakimu wa wilaya ya mashambani ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameamua ugomvi wa mpaka wa konde. Mimi nauona utaratibu huo kuwa ulikuwa na uzuri wake, kwani uliiweka mizani mikononi mwa majirani, watu waliomwona mtu akilipa deni lake na kumzika mwenziwe. Lakini palipokuwa na mji mkubwa na kura za kugombewa uliharibika upesi. Huko New York, kabla ya uchaguzi wa 1868, genge la siasa lililojulikana kwa jina la Tammany Hall lilikuwa likiwapeleka wahamiaji makundi kwa makundi mbele ya mahakimu walioliunga mkono, na mahakimu hao wakiwageuza raia mamia kwa siku, kwa ushahidi wa watu wale wale waliokaa mlangoni kutwa, wakiapa kuwa wawajua vyema watu ambao hawajapata kuwatia machoni.

Walakini katika zama hizo sharti lililokuwa zito kuliko tabia, na kuliko miaka, ni lile la rangi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Katiba ilirekebishwa, mnamo 1868, ikamfanya raia kila azaliwaye katika ardhi ya Marekani chini ya mamlaka yake, na 1870 Congress ikaufungua mlango wa kuandikishwa kwa wageni waliozaliwa Afrika na walio wa nasaba ya Kiafrika. Hapo yakatokea mambo ya ajabu, kwamba mtu wa Unguja au wa Tabora, lau angefika huko, angeweza kuomba uraia, ilhali Mchina aliyejenga reli ya nchi ile kwa mikono yake hakuweza, kwa kuwa sheria ya 1882 iliwakataza Wachina waziwazi. Ama wale ambao hawakuwa Waafrika, wala mahakama hazikuwa na yakini kama ni weupe, nao ni Wajapani, Wahindi, Waarabu, Wasiria na Waarmenia, jambo lao liliachwa kila hakimu aliamue kwa akili yake.

Habari mbili zatosha kuonyesha mtihani wa namna hiyo ulivyokuwa. Takao Ozawa, mzaliwa wa Japani, alifika Marekani akiwa kijana, akasoma Berkeley, California, hata chuo kikuu, kisha akahamia Honolulu. Nyumbani mwake alizungumza Kiingereza, wanawe akawapeleka katika shule na makanisa ya Kimarekani, na alipoomba uraia hapakuwa na aliyetilia shaka elimu yake wala mwenendo wake. Mahakama Kuu ya nchi, katika hukumu ya Novemba 1922 iliyoandikwa na Jaji George Sutherland, ilikiri sifa zake zote, kisha ikamkataa, kwa hoja kwamba mtu mweupe katika sheria ni yule ambaye wataalamu humwita wa jamii ya Kaukasi, naye Mjapani hayumo. Miezi 3 baadaye akaja Bhagat Singh Thind, Singasinga wa Panjabi aliyevaa sare ya jeshi la Marekani katika Vita Vikuu vya Kwanza, akaja na vitabu vya wataalamu hao hao vilivyomhesabu Mhindi wa kaskazini kuwa katika jamii hiyo hiyo ya Kaukasi. Na Jaji Sutherland yule yule akaandika mnamo Februari 1923 kwamba la wataalamu halifuatwi, linalofuatwa ni vile amwonavyo mtu wa kawaida njiani, na mtu wa kawaida hamwoni Mhindi kuwa mweupe. Baada ya hukumu hiyo Wahindi kadhaa waliokwisha kupewa uraia walinyang'anywa. Thind mwenyewe aliupata mwaka 1936, kwa sheria iliyowahusu askari wa vita vile, na si kwa kuwa mahakama ilijirudi. Huo ulikuwa mtihani usio na kitabu cha kuusomea. Mtahiniwa aliyajua majibu yote, na swali likabadilishwa kila alipolikaribia.

Wasomaji wa pwani, ambao wengi wao wana nasaba za Hadhramaut, Yemen na Oman, huenda wakapenda kujua pia ya Waarabu. Mnamo 1915 mahakama ya rufani ilikuwa imemkubali Msiria mmoja, George Dow, kuwa mweupe. Lakini Desemba 1942 mtu wa Yemen, Ahmed Hassan, alisimama mbele ya Jaji Tuttle huko Michigan, naye jaji akamkataa kwa ajili ya weusi wa ngozi yake, na kwa hoja ya ziada kwamba Waarabu ni sehemu ya ulimwengu wa Kiislamu, ambao kati yake na Wakristo wa Ulaya pana shimo pana lisiloruhusu kuoana na kuchanganyikana. Haukupita mwaka na nusu, Aprili 1944, Mwarabu mwingine, Mohriez, akasimama mbele ya Jaji Wyzanski huko Massachusetts, naye jaji huyu akamkubali, akieleza kwamba Waarabu ndio walioihifadhi elimu ya Wayunani na kuifikisha Ulaya, na kwamba nchi inayopigana vita dhidi ya wenye kuabudu damu na kabila haipendezi ionekane ikiwafukuza watu kwa sababu ya damu na kabila. Sheria ilikuwa moja, na bara walilotoka waombaji ni moja. Kilichotofautiana ni jimbo, na aliyekaa kitini siku hiyo.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu mtihani wa maswali, huu tunaoujua leo, mizizi yake imo katika sheria ya tarehe 29 Juni 1906, ya wakati wa Rais Theodore Roosevelt. Udanganyifu wa aina ya New York ulikuwa umewachosha watu. Basi sheria hiyo ikazitaka mahakama zote zitumie fomu za namna moja, ikaunda idara ya serikali kuu ya kusimamia uandikishaji, ikamtaka kila mwombaji alete mashahidi wawili walio raia, na kwa mara ya kwanza ikamtaka aweze kusema Kiingereza. Iliwakataa wapingao serikali za kila aina, kwa kuwa Rais McKinley alikuwa ameuawa na mmoja wao mwaka 1901, na iliwakataa wenye ndoa za wake wengi na hata wale waliouamini uhalali wake, jambo lililowalenga zaidi Wamormoni lakini lililomgusa Mwislamu pia. Ukiisoma sheria yoyote ya uraia, ya zamani au ya sasa, utaijua hofu iliyokuwa ikiwanyima watu usingizi mwaka ilipoandikwa.

Sheria ya 1906 haikusema kwamba mwombaji ataulizwa maswali ya tarehe au ya serikali. Ilisema tu kwamba lazima awe ameshikamana na misingi ya Katiba. Na mahakimu wakasema, kwa mantiki isiyokuwa mbaya, kwamba mtu hawezi kushikamana na kitu asichokijua, hivyo wakaanza kuuliza. Mmoja aliuliza nani rais, mwingine akauliza jinsi sheria inavyotungwa, na mwingine, ambaye pengine alikuwa amechoka au hakuwapenda watu wa taifa fulani, aliuliza urefu wa mnara wa Bunker Hill au idadi ya nyota zilizochongwa katika sarafu. Hakimu mpole na hakimu mkali walipakana kwa kuta, na habari za kila mmoja zilijulikana katika mitaa ya Wataliani, Wapolandi na Wayahudi, kwa kuwa watu waliulizana sokoni ni siku gani nani huketi.

Kwa sababu hiyo likazuka somo jipya. Shule za serikali zilifungua madarasa ya jioni kwa watu wazima, na kuanzia 1918 idara ya uandikishaji ikachapisha vitabu vya kufundishia na kuvigawa katika madarasa hayo. Wenye viwanda nao hawakubaki nyuma. Kampuni ya Ford huko Highland Park, Michigan, iliwafungulia wafanyakazi wake shule ya Kiingereza mnamo 1914, na siku ya kuhitimu walicheza mchezo ambao hata leo hujui ucheke au usikitike: jukwaani palisimamishwa chungu kikubwa mno, wahitimu wakaingia ndani yake wamevaa mavazi ya nchi zao na kubeba vifurushi vyao, walimu wakakoroga kwa miko mirefu, kisha wale watu wakatoka upande wa pili wamevaa suti na kushika vibendera vya Marekani. Mzee wa Kiswahili angesema walipikwa hadharani.

Wanawake, nitawataja kwa ufupi ingawa wanastahili makala yao wenyewe. Tangu 1855 mwanamke aliyeolewa na raia alikuwa raia kwa ndoa hiyo, bila kuulizwa swali hata moja. Lakini kwa sheria ya 1907 mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa na mgeni aliupoteza uraia wake katika ardhi aliyozaliwa, na hadi 1922 ndipo sheria ilipoanza kumhesabu mwanamke kwa nafsi yake. Mmoja aliyejihesabu kwa nafsi yake ni Rosika Schwimmer, mzaliwa wa Hungaria, mpenda amani mashuhuri, ambaye alipoulizwa kama yu tayari kushika silaha kuilinda nchi alijibu kwa unyofu kwamba la, ijapokuwa kwa umri wake na kwa jinsia yake hakuna jeshi ambalo lingemwita. Mahakama Kuu ilimkataa mwaka 1929, na haikuigeuza kauli hiyo mpaka 1946, katika kesi ya mtu mwingine. Laiti angejibu ndiyo, akaenda zake nyumbani! Lakini watu wa namna yake hawajui kusema uongo, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa, kama nilivyoelewa mimi, katika lile sharti la tabia njema.

Kisa kinachopendwa kusimuliwa kuliko vyote katika bahari hii ni cha Kurt Gödel, mwanamantiki wa Austria aliyekimbilia Princeton, mtu ambaye dunia ya elimu inamhesabu miongoni mwa wenye akili kali kupita wote wa karne iliyopita. Alipopangiwa kutahiniwa mnamo Desemba 1947 katika mji wa Trenton, New Jersey, alijiandaa kama alivyojiandaa kwa kila jambo, yaani bila kiasi. Alidurusu historia ya nchi, akasoma Katiba ibara kwa ibara, kisha akashuka mpaka katika mambo ya mji wake mdogo, akataka kujua baraza lake huchaguliwaje na mpaka wake unapita wapi. Katika kusoma kwake alivumbua, kwa madai yake, kasoro ya kimantiki ndani ya Katiba ambayo kwayo mtu angeweza kuigeuza jamhuri kuwa udikteta bila kuvunja sheria. Mashahidi wake walikuwa wawili, Albert Einstein na mwanauchumi Oskar Morgenstern, na wote wawili walimsihi asilitaje jambo hilo. Hata ndani ya motokaa Einstein alikuwa akimtania kwa kumuuliza kama kweli amejiandaa vya kutosha.

Hakimu alikuwa Phillip Forman, yule yule aliyemwapisha Einstein mwaka 1940. Aliwakaribisha kwa heshima, akamuuliza Gödel serikali ya nchi aliyotoka ilikuwa ya namna gani. Gödel akasema ilikuwa jamhuri, lakini katiba yake ilikuwa ya namna ambayo iliishia katika udikteta. Hakimu, kwa nia ya kumliwaza, akasema ni jambo baya, na kwamba katika nchi hii haliwezi kutukia. Na Gödel akaruka pale pale kusema kwamba laweza, tena anao ushahidi wa kulithibitisha. Mashahidi wawili wakashika roho zao. Hakimu, aliyekuwa mtu wa busara, akasema hakuna haja ya kuingia ndani ya hayo, akahamisha mazungumzo, na Gödel akaapishwa Aprili ya mwaka uliofuata. Wengi hulisimulia tukio hili kwa kicheko tu. Mimi nalitazama kwa upande wa pili, nikawaza lingekuwaje kama mtu mwenye jibu kama lile angekuwa kibarua wa machimbo asiye na Einstein pembeni yake, mbele ya hakimu asiye na subira.

Ujuzi wa tarehe na serikali uliingizwa rasmi katika sheria mwaka 1950, wakati wa hofu ya ukomunisti, katika sheria ya usalama wa ndani ambayo ilimtaka mwombaji aweze pia kusoma na kuandika Kiingereza chepesi, na awe na maarifa ya misingi ya historia na ya muundo wa serikali. Sheria kubwa ya 1952 iliyathibitisha hayo, na sheria hiyo hiyo, ambayo kwa mengine ilikuwa kali, ndiyo iliyofuta sharti la rangi kwa watu wote. Wachina walikuwa wametangulia kuondolewa kizuizi mwaka 1943, Wahindi na Wafilipino mwaka 1946. Ikawa mara mlango wa rangi unaondolewa, mlango wa elimu unasimamishwa mahali pake. Nao Wamarekani walijua vyema jinsi mlango wa elimu unavyoweza kutumiwa kwa kazi ya ule wa kwanza, kwa sababu katika majimbo ya kusini, kuanzia katiba ya Mississippi ya 1890, raia weusi waliozaliwa humo humo walikuwa wakitahiniwa ibara za katiba kabla ya kuandikishwa kupiga kura, na mwandikishaji peke yake ndiye aliyeamua kama jibu ni sahihi. Profesa mweusi aliweza kufelishwa, ilhali mtu mweupe asiyejua kusoma akapita. Dhuluma hiyo ilikomeshwa na sheria ya haki ya kupiga kura ya Agosti 1965.

Kwa maoni yangu jambo kubwa lililotendeka katika tarehe yote hii, ingawa hakuna aliyelipigia ngoma, ni siku maswali yalipochapishwa. Sheria ya 1986 ilikuwa imewahalalisha wahamiaji wanaokaribia milioni 2.7, nao walitakiwa waonyeshe ujuzi wa lugha na wa serikali. Ndipo idara ilipotoa orodha ya maswali 100 pamoja na majibu yake, apendaye aisome. Hata hivyo kila ofisi iliendelea kuuliza kwa mtindo wake, na kazi ya kuyasawazisha yote haikukamilika mpaka mtihani mpya ulipoanza tarehe 1 Oktoba 2008, ambapo kila mahali mtahiniwa aliulizwa maswali 10 kutoka katika yale 100, akapita kwa kujibu 6. Mwezi Desemba 2020 ulianzishwa mtihani mrefu zaidi, ukafutwa miezi michache baadaye serikali ilipobadilika. Na ulipobadilika tena utawala, kwa waombao kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, orodha imekuwa ya maswali 128, huulizwa hadi 20, na wa kupita ni lazima apate 12. Wako wanaosema kwamba mtihani wa kukariri haupimi kitu. Huenda, lakini aliyewasoma Ozawa na Thind, na akajua khabari ya nyota katika sarafu, hatadharau fadhila ya kupewa swali kabla ya siku yake.

Basi anayekwenda sasa atarajie haya. Ataitwa katika ofisi ya idara ya uraia, chumba kidogo chenye meza na afisa mmoja, atasimama anyanyue mkono wa kulia na kuapa kusema kweli, na tangu hapo, kabla hajaulizwa chochote juu ya Jefferson au Lincoln, Kiingereza chake kimekwisha anza kupimwa, kwa kuwa afisa hupima usemi kwa mazungumzo yale yale ya kupitia fomu ya maombi. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Fomu huuliza mambo mazito kwa maneno mazito: kama uliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, kama ulishiriki mauaji ya halaiki au kumtesa mtu, kama uliwahi kuwa na wake wawili kwa wakati mmoja, na hapo hofu za 1906 na za 1950 zimekaa mstari mmoja kama mashuka ya marehemu mbalimbali katika kasha moja. Anayejibu ndiyo kwa kila swali kwa ajili ya adabu tu, kama tulivyozoea kuwajibu wakubwa, hujitia matatani. Kisha huja maswali ya serikali, nayo huulizwa kwa mdomo bila machaguo. Kisha asome kwa sauti sentensi 1 katika 3 na aandike 1 katika 3. Yako maswali ambayo jibu lake huzeeka, kama vile jina la rais, la gavana wa jimbo, na la spika, na aliyekariri kutoka karatasi ya mwaka juzi atamtaja aliyekwisha ondoka. Akishindwa sehemu moja, huitwa tena kati ya siku 60 na 90, atahiniwe ile iliyomshinda tu.

Kwetu Afrika ya Mashariki mtihani ulichukua sura nyingine. Tanganyika ilipokaribia uhuru, Oktoba 1961, palikuwa na wabunge waliotaka uraia ufuate rangi, na Mwalimu Nyerere alisimama akawakatalia kwa ukali, akaweka serikali yake nzima rehani juu ya jambo hilo. Ikawa mtu aliyezaliwa nchini na mzazi wake mmoja akazaliwa humo ni raia kwa hali hiyo, wa rangi yoyote, na wengine wakapewa miaka 2 ya kujiandikisha. Katiba ya Kenya ya 1963 ilimtaka mgeni anayeandikishwa awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili, na sheria ya Tanzania ya 1995 inataka ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Ujuzi unaotosha ni upi, sheria hazikusema, na kwa hiyo mwombaji wetu bado yumo katika hali ya wale wa 1906: lugha ataisema, na aliyekaa mbele yake atasikiliza na kuamua.

Nao Waswahili walioko Marekani wameingia katika ugumu mwingine, wa umri. Wakimbizi wa Kongo waliopelekwa huko kwa wingi tangu miaka ya 2010, wengi wao wakiwa wamekulia katika kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, wana wazee ambao Kiswahili wanakijua na shule hawakuiona. Sheria ya 1950 ilikuwa na huruma kwa wazee, na huruma hiyo ipo hata sasa: mwenye miaka 50 aliyekaa nchini kwa halali miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa 15, husamehewa Kiingereza na hujibu maswali kwa lugha yake kupitia mkalimani, na mwenye 65 aliyekaa miaka 20 hupewa orodha fupi ya maswali 20. Walakini sheria hii inamhesabia mzee miaka aliyokaa, haimhesabii uzee aliokuja nao. Bibi aliyefika mwaka 2016 akiwa na miaka 60 aliweza kuomba uraia mwaka 2021, ila kwa Kiingereza. Akitaka kujibu kwa Kiswahili itambidi angoje mpaka 2031, akiwa na miaka 75. Upo msamaha mwingine kwa wenye maradhi ya mwili au ya akili yanayowazuia kujifunza, ambao hujaziwa fomu na daktari, lakini uzee wenyewe hauhesabiwi kuwa maradhi, wala kutojua kusoma. Kwa hiyo wengi hawangoji. Huhudhuria madarasa ya jioni makanisani na katika maktaba za miji yao, wakakariri kwa Kiingereza matawi 3 ya serikali na marekebisho 27 ya Katiba, wajukuu wao wakiwasahihisha matamshi.